Nakala za pembeni za mwongozo rasmi: kisa cha siku 21 zilizogeuka 12

Kabla ya yote

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wale wanaoshika tovuti za taasisi, yaani wewe ambaye kila asubuhi unaulizwa "mbona kwenye tovuti yenu imeandikwa hivi" na ukiangalia tovuti yako hakuna kitu kama hicho. Jina la taasisi, nchi, fani yenyewe na chochote kinachoweza kumfanya mtu aseme aah hawa nawajua, nimetoa. Mimi nilikuwa ndani ya kisa, nilifanya maamuzi mengine mazuri na mengine ya ovyo, yote nimeyaweka.

Hali ilivyokuwa

Taasisi inasajili wataalamu na kuwapa leseni. Anayeomba anafuata mwongozo wa maombi, kijitabu cha kurasa 34, na nyuma yake kuna fomu ya kurasa 8. Kanuni zikibadilika linatoka toleo jipya, na kisa kinaanza tukiwa ndio kwanza tumetoa toleo la nne. Tovuti nilikuwa naishughulikia mimi, peke yangu kwa sehemu kubwa, na kijana mmoja anakuja kusaidia siku mbili kwa wiki.

Sasa kuna mambo mawili ya kujua mapema maana ndiyo yaliyozaa mengine yote. La kwanza, mwaka mmoja nyuma tulihamisha tovuti, mfumo mpya sura mpya, watu wakapiga makofi, lakini katika kuhama anwani za mafaili yote zikabadilika na linki za zamani zikawa zinaleta 404, yaani ujumbe kwamba ukurasa haupo. Tuliona. Tukaandika kwenye orodha ya "tutarekebisha baadaye", na hiyo baadaye si unaijua. Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, aliandika tangu 1998 kwamba anwani nzuri ya wavuti ni ile isiyobadilika, mimi niliisoma nikiwa mwanafunzi nikaona ni nasaha tu za wakubwa.

La pili, mwongozo rasmi wenyewe ulikuwa skani. Yaani unaandikwa vizuri kwenye kompyuta, unaprintiwa, mkuu anasaini, unapigwa muhuri, halafu unapitishwa kwenye skana ukurasa kwa ukurasa mpaka unakuwa faili la MB 19 ambalo ni picha tupu, huwezi kutafuta neno, huwezi kukopi, na kwenye simu ya kawaida linafunguka kwa kusuasua huku maandishi yamelala upande. Ukurasa wa 11 ulikuwa na kivuli cha kidole cha aliyeskani. Hicho ndicho tulikuwa tunakiita nakala rasmi.

Jinsi ilivyoanza

Dada wa dawati la maombi ndiye aliyeligundua, na hakuwa anatafuta kitu. Alikuja na rundo la fomu akasema kaka, hawa watu wote wameruka Sehemu G, haiwezekani wote wawe wavivu kwa pamoja. Tukazichambua pale pale mezani, kumi za juu. Sita hazikuwa zimeruka Sehemu G, hazikuwa na Sehemu G kabisa. Ilikuwa fomu ya toleo la tatu. Na hapa ndipo nilipoona kosa letu la kwanza kubwa, kwamba namba ya toleo ilikuwa kwenye kava tu, kurasa za ndani na za fomu hazina chochote cha kukuambia hii ni ya lini. Mtu akikata kurasa 8 za fomu akazitoa peke yake, basi hizo karatasi hazina umri.

Tukaanza kuwapigia simu. Swali moja tu, fomu uliipata wapi? Karibu wote walijibu kitu kimoja: "Kwenye tovuti yenu." Nikawa nabishana moyoni, tovuti yetu ina toleo la nne tu. Mpaka mama mmoja aliyekuwa amejaza kurasa zote nane kwa mkono, mwandiko safi kabisa, fomu yake ikarudishwa, akanielezea hatua kwa hatua alichofanya: nilifungua simu, nikaandika jina la taasisi na neno fomu, nikabonyeza ya kwanza. Basi. Kwake yeye ya kwanza ndiyo tovuti yetu. Jina letu lipo, nembo yetu ipo juu ya ukurasa, ataanzaje kudhani ni ya mtu mwingine?

Nikafanya kama yeye, kwa simu, kwenye dirisha lisilo na kumbukumbu zangu. Ya kwanza ilikuwa saiti ya vifaa vya kujisomea. Ya pili saiti moja kubwa ya kushea mafaili ambapo lazima ujisajili kwanza. Sisi wenyewe tulikuwa wa saba.

Kuzisaka

Kama hujawahi kufanya hii kazi, mbinu ni rahisi. Unachukua sentensi ndefu ya ajabu ajabu kutoka ndani ya waraka, isiyoweza kuandikwa na mtu mwingine kwa bahati, unaiweka ndani ya alama za kunukuu na kuitafuta. Unarudia na sentensi nyingine tano sita kutoka sehemu tofauti, maana kuna waliokopi nusu. Kwa skani hii haisaidii sana, hapo unatafuta kwa jina la faili, na majina ya mafaili yana ukoo wake: kuna "mwongozo_mpya", mtoto wake "mwongozo_mpya_FINAL", mjukuu "mwongozo_mpya_FINAL_2(1)". Ukiona hiyo (1) jua mtu alidanlodi mara mbili kisha akaaplodi ya pili.

Tulipata nakala 17 kwenye saiti 11. Hazikuwa sawa na hili ndilo watu wengi hawalioni, wanaita zote "nakala feki" kumbe ni vitu tofauti kabisa. Nyingi zilikuwa faili letu lenyewe bila kuguswa, ila toleo la zamani. Chache zilikuwa fomu tu bila maelezo. Moja ilikuwa picha za simu za kurasa zilizoprintiwa, ukurasa wa 20 haupo. Moja ilikuwa tafsiri ya lugha nyingine. Na moja ilikuwa imechapwa upya yote, neno kwa neno, kama ukurasa wa wavuti wa kawaida, nyepesi, inasomeka vizuri kwenye simu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa inaongoza Google.

Zile siku

Wakati bado tunahesabu, dada wa dawati akapokea simu ya kijana aliyetaka kuomba upya. Ombi lake lilikuwa limekataliwa. Dada akamuuliza kwa nini usikate rufaa, sababu uliyokataliwa mbona ni ndogo? Akajibu, "Dada nimeshachelewa, si ni siku 12 na leo ni ya 19."

Mwongozo wetu unasema siku 21.

Tukafungua ile nakala iliyochapwa upya. Ibara ya rufaa, mstari wa tatu: "ndani ya siku 12 tangu kupokea barua". Vidole vimegeuza tarakimu mbili, basi, hakuna ubaya wala hila. Na sisi mwongozoni tuliandika tarakimu peke yake, hatukuandika "siku ishirini na moja (21)" kama wanavyofanya watu wa mikataba, ambapo ukikosea moja ya pili inakusuta. Kijana alikuwa amebakiza siku mbili. Aliwasilisha rufaa siku ya 21 saa nane mchana, nakumbuka saa maana dada alinitumia picha ya muhuri wa kupokelewa.

Mpaka hapo nilikuwa nalichukulia suala hili kama la tovuti. Baada ya hapo hapana.

Maamuzi ya awali, ambayo mengi hayakufaa

Bosi alitaka mambo mawili kwa haraka. Tangazo jekundu kwenye ukurasa wa mwanzo, "Jihadharini na nakala zisizo rasmi", na barua ya kisheria kwa saiti zote 11 ziondoe ndani ya siku saba.

Tangazo tuliliweka. Sikubisha, na nilipaswa kubisha, maana ukilifikiria dakika moja tu unaona kichekesho chake: anayetumia nakala ya pembeni hajafika kwetu, na aliyefika kwetu hana haja ya kuonywa. Tulikuwa tunawaonya waliokwisha kuokoka.

Barua, mwanasheria wetu aliandika lakini kwa shingo upande, na sababu yake ilikuwa nzuri. Alisema suala la hakimiliki kwenye nyaraka rasmi siyo la moja kwa moja, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kwenye ibara ya 2(4) unaiachia kila nchi iamue yenyewe kama maandishi rasmi ya kisheria na kiutawala yanalindwa au la, kwa hiyo tusiandike kwa ubabe kana kwamba kila mahali tuna haki ileile, hasa kwa saiti ambazo hata hatujui zinaendeshwa kutoka wapi. Bosi akasema andika tu.

Majibu yakaja hivi. Saiti tano kimya. Tatu zilifuta. Ile kubwa ya kushea mafaili ilifuta baada ya sisi kujaza fomu yao ya malalamiko, na ndani ya wiki mbili faili lilelile likawa limepandishwa tena na watumiaji wawili tofauti, kwa hiyo tukawa tumetoa moja tumepata mbili. Moja ilitujibu kwa matusi. Na moja, mwenye nakala iliyochapwa upya, alijibu kwa upole ulioniumiza kuliko matusi. Ni mwalimu anayefundisha vijana wa fani yetu. Alisema alichapa kurasa 34 kwa mikono yake jioni tatu kwa sababu wanafunzi wake hawawezi kufungua faili letu kwenye simu, alituandikia mara mbili kulalamika hakujibiwa, linki aliyokuwa amewapa zamani ilikufa tulipohamisha tovuti, na sasa tunamtishia na mahakama. Aliambatanisha na zile barua pepe mbili. Zilikuwepo kweli, kwenye kasha letu la kupokelea, hazijafunguliwa.

Nilimpigia. Nikasema mwalimu, kwanza naomba radhi kwa ile barua. Akacheka, akasema kaka mimi nilijua mtapiga siku moja, nilidhani mtapiga kushukuru.

Tulipogeuza gari

Baada ya simu ile nilienda kwa bosi na hoja moja: hatuwezi kuzuia nakala, tunachoweza ni kuhakikisha nakala popote iendapo inamwambia msomaji ni ya lini na nyumbani kwake ni wapi. Tukianza kufukuzana na kila mtu tutafukuzana mpaka tustaafu. Alikubali nusu, ikatosha.

Cha kwanza tulishughulika na watu kabla ya mafaili. Msajili alisaini waraka mfupi kwamba kwa miezi mitatu fomu za toleo la tatu zinapokelewa, mwombaji anaongezewa karatasi moja ya Sehemu G tu. Wenzetu wa usajili walinuna maana kazi iliongezeka, lakini njia nyingine ilikuwa kumrudisha yule mama akajaze kurasa nane upya kwa kosa ambalo nusu yake ni letu.

Halafu anwani. Tukatengeneza anwani moja fupi ya kudumu, ambayo siku zote inafungua toleo linalotumika, na kila toleo likapewa anwani yake lenyewe isiyobadilika. Hii hatukuibuni, W3C (shirika la viwango vya wavuti) wanafanya hivyo kwenye viwango vyao vya wavuti miaka yote, juu ya waraka unakuta anwani ya toleo hili na anwani ya toleo jipya kabisa, mbili tofauti. Linki zote za zamani zilizokuwa zinaleta 404 tukazielekeza kwenda mahali panapofaa kwa 301, yaani jibu la seva linalosema anwani imehama kwa kudumu. Kijana wangu alikaa na kumbukumbu za seva siku nzima akitoa orodha ya anwani zilizokuwa zinaombwa na kukosekana. Anwani iliyoongoza kwa kuombwa ilikuwa ya mwongozo. Watu walikuwa wanagonga mlango wetu kila siku mwaka mzima, hatufungui, wanaenda kwa jirani.

Tulibishana sana kuhusu matoleo ya zamani. Bosi alitaka yafutwe kabisa, yakifutwa hakuna wa kuyakopi. Mwanasheria na mimi tukakataa, kwa sababu mbili. Aliyeomba chini ya toleo la tatu anahukumiwa kwa toleo la tatu, kwenye rufaa anahitaji kulisoma, na akilikosa kwetu atalitafuta kwa jirani ambako hakuna anayemwambia limekwisha muda. Nikampa mfano wa hati za RFC za intaneti, yaani hati za kiufundi zenye namba, ikishachapishwa haiguswi tena, ikipitwa inatoka nyingine yenye namba mpya na ile ya zamani inabaki ilipo. RFC 2616 ya HTTP (kanuni za mawasiliano ya wavuti) ya mwaka 1999 ilibadilishwa na kundi la hati mpya 2014, nazo zikapitwa tena 2022, na leo ukitaka kuisoma ile ya 1999 iko pale pale, juu imeandikwa imepitwa na zipi. Tukakubaliana: matoleo ya zamani yanabaki, kila ukurasa umegongwa LIMEPITWA kwa mshazari, na fomu imeondolewa ndani yake.

Kisha tukatengeneza upya faili lenyewe. Hakuna tena skani. Toleo la nne likatolewa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, mkuu akasaini kwa saini ya kidijitali ndani ya PDF, faili likashuka chini ya MB 1, na pembeni yake ukurasa wa wavuti wa kawaida wenye maandishi yaleyale kwa ajili ya simu. Kwa kuwa sasa tulikuwa na mapacha, PDF na ukurasa, tuliiambia Google yupi ndiye mkubwa kwa alama ya kanonikali. Kumbuka PDF haina kichwa cha HTML, ile sehemu ya juu ya msimbo wa ukurasa, cha kuiweka, inabidi itoke kwenye seva kama kichwa cha HTTP, yaani maelezo yanayotangulia faili. Na jua pia kwamba hiyo alama ni pendekezo tu, injini ya kutafutia inaweza kuamua vingine.

Chini ya kila ukurasa, fomu ikiwemo, tukaweka mstari mmoja: namba ya toleo, tarehe lilipoanza kutumika, na "hakikisha kama bado ni la sasa" ikifuatiwa na ile anwani fupi, pembeni QR ndogo. QR inafungua ukurasa wa toleo hilohilo, ambao utakuambia linatumika au limepitwa. Na anwani tuliiandika kwa herufi kabisa, maana QR yeyote anaweza kubandika yake juu, macho ya mtu yasome mwenyewe jina la tovuti.

Nilipojikwaa mimi

Hili linanihusu mimi na sitaki kulipitia haraka. Nilitaka matoleo ya zamani yasionekane kwenye matokeo ya kutafuta lakini yafunguke kwa anayeyahitaji. Nikaweka kichwa cha X-Robots-Tag chenye noindex (agizo kwa roboti za injini za kutafutia kwamba usiorodheshe) kwenye folda lote, na kwa kuwa nilikuwa na hofu nikaongeza Disallow (usiingie) kwenye robots.txt, faili la maelekezo kwa roboti hizo, mkanda na suspenda kwa pamoja. Wiki tatu baadaye anwani za toleo la tatu bado zinaonekana kwenye Google, bila maelezo, anwani tupu.

Kumbe nilikuwa nimefunga mlango halafu nikabandika tangazo kwa ndani. Robots.txt inamwambia roboti usiingie, roboti mtiifu haingii, asipoingia haoni ile noindex, na anwani anaijua tayari kutoka kwenye linki za watu wengine kwa hiyo anaiorodhesha tu. Ilinibidi nitoe Disallow, niache noindex peke yake, na nisubiri roboti arudi kupita. Zikapotea taratibu. Robots.txt ni desturi ya tangu 1994 iliyokuja kuandikwa rasmi kama RFC 9309 mwaka 2022, na mle ndani wamesema wazi kwamba siyo ulinzi wa kuzuia mtu kufungua kitu. Bado kila mwezi naona mtu anaitumia kuficha faili.

Kitu kingine nilichojivunia kikafa kifo cha aibu ni alama ya SHA-256, kama alama ya kidole ya faili. Niliweka kwenye ukurasa wa mwongozo ile mistari ya herufi na tarakimu 64 ili mtu akiwa na nakala apime kama ni sawa na yetu. Kitaalamu iko sahihi kabisa, badilisha herufi moja ndani ya faili na alama yote inabadilika. Dada wa dawati akauliza kaka, hii ni namba ya simu ya sayari gani? Sikuwahi kupata hata mwombaji mmoja aliyeitumia. Nimeiacha kwa ajili ya saiti zinazotunza nakala, waombaji hawaioni tena.

Makubaliano na majirani

Saiti zilizobaki tuliziandikia upya, safari hii bila kumhusisha mwanasheria. Hatukuomba wafute. Tuliwapa mistari mitatu ya kubandika juu ya nakala yao: kwamba hii siyo nakala rasmi, imenakiliwa kutoka toleo namba fulani tarehe fulani, na anwani yetu fupi. Na tukawaahidi kuwapa taarifa siku toleo jipya likitoka. Nne zilikubali, mbili kati yake zikaamua zenyewe kutoa faili na kubakiza linki, wakasema kazi ya kufuatilia matoleo hawaitaki. Mwenye tafsiri alikubali kuandika kwamba panapotofautiana maandishi ya asili ndiyo yanayotawala, nasi tukamwekea linki kwenye ukurasa wetu na maneno "tafsiri isiyo rasmi" makubwa kabisa.

Mwalimu alirekebisha ile 12 siku hiyohiyo nilipompigia. Nakala yake hatukuiondoa, kuna watu ofisini hawakunielewa. Lakini katikati ya kazi hii seva yetu ililala siku mbili, na nikamkuta dada wa dawati anawaelekeza waombaji kwa simu waende kwenye saiti ya mwalimu. Watu wa maktaba wana mradi ulioanzia Stanford mwaka 1999, LOCKSS, ambao jina lake lenyewe (Lots of Copies Keep Stuff Safe) linasema nakala nyingi ndizo zinazotunza kitu. Sisi tulikuwa tumeanza kwa kuwachukulia wenye nakala kama wezi.

Yalivyokuwa baada ya miezi sita

Fomu za toleo la tatu hazikuisha ila zilikuja mojamoja, siyo rundo. Ukitafuta jina letu na neno fomu, wa kwanza ni sisi, wa pili mwalimu. Ile saiti kubwa bado ina nakala mbili, tumeziacha, tunaziangalia mara moja kwa mwezi.

Kipi kilibeba

Nikipima kwa uzito, kilichofanya kazi kubwa ni 301 na faili jepesi, vitu viwili ambavyo vilikuwa deni letu tangu tovuti ihame na havina uhusiano na nakala za mtu yeyote. Nakala za pembeni zilipanda kwa sababu tuliacha pengo, na nina hakika tungefanya hivyo viwili tu bila barua yoyote tungefika karibu na hapa tulipo. Mstari wa chini ya ukurasa ulisaidia kwa njia ambayo sikuitegemea: wasomaji wengi hawausomi, wanaousoma ni wale wa dawati. Sasa dada akipokea fomu anatupa jicho chini kushoto, sekunde mbili, anajua. Zamani alikuwa anahesabu sehemu.

Barua za kwanza zilitugharimu. Baadhi ya saiti zilizonyamaza hazijatujibu mpaka leo hata kwa lugha ya upole, nadhani walishatuweka kwenye kapu la watu wa kusumbua. Kama ningerudia ningempigia mwalimu kwanza, kabla ya bosi kushika kalamu, na ningesoma barua pepe ambazo hazijafunguliwa kabla ya kutafuta mkosaji nje.

Na kuna eneo ambalo hatujaligusa kabisa, magrupu ya WhatsApp. Faili likishaingia mle hakuna kutafuta kwa sentensi, hakuna linki, hakuna mwenye saiti wa kumpigia. Kuna mtu alileta fomu mwezi uliopita, nikamwomba anionyeshe alivyoipata, akaniwekea simu mbele: imefowadiwa mara nyingi, jina la faili linaishia na (1). Ilikuwa ya toleo la nne lakini ile skani ya mwanzo, kivuli cha kidole ukurasa wa 11 kiko pale pale.

Toleo la tano liko njiani. Rasimu ya mwisho nilimtumia mwalimu wiki moja kabla ili aandae nakala yake mapema, badala ya kuchapa usiku. Kesho yake akanirudishia ujumbe: kwenye ukurasa wa 6 mmemwambia mwombaji aambatanishe vyeti vilivyotajwa Sehemu H, na fomu yenu inaishia G.